Mwalimu Ovidio na Spika za Melqui

Kwa miaka thelathini na mmoja Ovidio Batista aliwafundisha watu wa mji wa milimani wa Jarabacoa kuendesha gari, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kugonga kitu akiwa yeye ndiye ameshika usukani. Wanafunzi wake walikuwa wamegonga ukuta wa makaburi, mibuni, kibanda cha bahati nasibu, na mara moja ng'ombe aliyeondoka akiwa mzima kuliko gari. Yeye mwenyewe, hapana. Kila mwanafunzi mpya alionyeshwa breki mbili za gari la mafunzo, moja upande wa dereva na nyingine upande wa mwalimu, kisha akaambiwa kwa sauti ya padri anayebariki: "Humu ndani haiwezekani kugonga."

Jumanne moja ya Kwaresma, saa nne asubuhi, ikawezekana.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa Bi Crucita Abreu, mjane wa miaka sitini na saba, karani mstaafu wa posta. Marehemu mumewe alimwachia gari ambalo lilikuwa limekaa uani miaka minne na sasa kuku walitagia ndani yake. Bi Crucita alikuwa na akili kali na miguu isiyosikilizana. Kila alipojaribu kuliondoa gari kwenye mlima lilizimika, na lilipozimika mara ya saba, tena katikati ya mtaa wao wenyewe unaopanda kama ngazi, Ovidio akaishiwa subira, ingawa kwa adabu.

"Hebu tubadilishane viti, Bi Crucita. Kaa huku kwangu unitazame."

Wakabadilishana. Ovidio akawasha gari, akaibana klachi nusu, akaachia breki ya mkono, na gari likasimama palepale mlimani, limetulia kama limefungwa kamba.

"Umeona? Siri haiko mguuni, iko masikioni. Injini inakwambia yenyewe inataka nini. Unafumba macho, unaisikiliza."

Na ili kumpa mfano, akafumba macho yeye.

Hatua thelathini chini yao, nje ya nyumba inayotazamana na ya Bi Crucita, Melqui alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari lake. Melqui alikuwa kinyozi wa miaka thelathini na nne. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lisingepata mnunuzi hata kwa kubembeleza. Utajiri wake wote ulikuwa mgongoni. Spika ishirini na nne na amplifaya sita zilipangwa pale nyuma kama ukuta, zimesuguliwa mpaka unajiona. Alizinunua moja moja kwa miaka tisa. Mwisho wa juma alikwenda nazo kwenye mashindano ya magari ya muziki, na siku nyingine aliwapigia majirani, wapende wasipende. Vioo vya mtaa mzima vilikuwa vimebandikwa utepe visidondoke. Bi Crucita peke yake alishamwandikia barua kumi na nne, kila moja na namba ya kumbukumbu juu, kama zilivyokuwa zikiandikwa posta.

Asubuhi ile Melqui alitaka kusikia wimbo mmoja tu kabla ya kwenda kufungua duka lake la kunyolea. Akabonyeza. Besi zikanguruma, mabati yakaitikia, na injini ya Ovidio, ambayo mguu wake ulikuwa umeilegezea kidogo, ikazimika. Mwalimu, macho kafumba na masikio yamejaa muziki wa bachata, hakujua kama imezimika.

Gari likaanza kurudi nyuma polepole, kisha si polepole tena. Melqui aliruka pembeni na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Gari la mafunzo likaingia kitako katikati ya ukuta wa spika, kikasikika kishindo kimoja kikubwa, halafu vitu vidogo vidogo vikidondoka kimoja kimoja, halafu kimya. Kilikuwa kimya ambacho mtaa ule haukuwa umekisikia saa za mchana kwa miaka tisa. Kwenye roshani ya mtu fulani yalisikika makofi mawili, yakakatika ghafla, kana kwamba mpigaji amekumbuka adabu.

Hakuumia mtu. Ovidio akafumbua macho, akamtazama Bi Crucita. Bi Crucita alikuwa anatazama mbele, amenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho.

* * *

Barua ya mwanasheria wa Melqui ilifika Jumatatu iliyofuata. Nereida, mke wa Ovidio, ndiye aliyeifungua, kwa kuwa ndiye aliyefungua kila kitu katika nyumba ile. Alikuwa fundi cherehani, macho yake yamezoea kutafuta uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, na maandishi madogo hayakumshinda.

"Anataka laki tisa na arobaini elfu," alisema.

"Peso?"

"Hapana, maembe. Peso, Ovidio. Hasara ya gari, spika ishirini na nne, amplifaya sita, nyaya, na kitu hapa kinaitwa 'kazi ya sanaa'."

"Si kuna bima."

Nereida alikuwa ameshautoa mkataba wa bima kwenye kabati la nguo, akauweka mezani kando ya barua. Akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama. "Soma mwenyewe. Mali za watu wengine. Mwisho wao laki tano."

Ovidio akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mkataba ule alikuwa ameuhuisha mara thelathini na moja, kila Januari, akilipa na kusaini dirishani huku akipiga soga na msichana wa mapokezi, na hakuwahi kufika ukurasa wa nne. Wa nini? Humu ndani haiwezekani kugonga.

"Na inayobaki?"

"Inayobaki ni yetu," alisema Nereida. "Hapa ameandika kabisa. Usipolipa ndani ya siku thelathini ataomba mahakama ishike mali. Mali gani tuliyo nayo, Ovidio? Gari limeingia matako, na nyumba."

Hawakuendelea, maana mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu na bakuli la maharage matamu ya Kwaresma, yenye maziwa ya nazi, zabibu kavu na vibiskuti juu. Alimpa Ovidio bakuli kwa mikono miwili. "Mwalimu, sisemi kitu. Ila mama yangu amelala usingizi wa mchana siku sita mfululizo. Mungu akuzidishie."

Lilikuwa bakuli la kumi na moja tangu Jumanne ile. Friji lilikuwa halifungi.

* * *

Ofisi ya bima ilikuwa La Vega, mteremko wa nusu saa kwa basi. Mkaguzi wa hasara aliitwa Bi Yocasta Tejada, mwanamke mwembamba wa makamo anayemumunya peremende na kumsikiliza mtu bila kuinua kichwa. Ovidio akamweleza yote, hata habari ya kufumba macho, ambayo ilimtoka kwa shida kama jino.

Bi Yocasta hakucheka. Akachukua simu yake, akaiweka mezani, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume, nyuma yake watu wakigonga vipande vya dhumna: "Mabibi na mabwana, tunampongeza Mwalimu Ovidio, mtu wa kwanza kumfundisha Melqui kunyamaza. Amepiga hesabu, amepiga shabaha, amepiga ukuta. Bao moja bila!"

"Imenifikia kutoka kwa dada yangu," alisema Bi Yocasta. "Na dada yangu anakaa Puerto Plata, huko pwani."

Ovidio akahisi masikio yanawaka.

"Sasa nikuulize, Mwalimu, na unijibu kama unavyomjibu padri. Ulimgonga makusudi?"

"Bibi, mimi nimefundisha watu elfu nne. Ningetaka kugonga kitu makusudi ningeanza na kituo cha mitihani."

Hapo aliinua kichwa. "Mimi nakuamini. Lakini mimi si kampuni. Bima inalipa ajali, hailipi makusudi. Wakiamua kwamba ulikusudia, hizo laki tano nazo hazipo. Utabaki na laki tisa na arobaini, wewe na mkeo na maharage yenu."

"Umejuaje habari ya maharage?"

"Yamo kwenye ujumbe wa pili."

Akampa maagizo, akiyasema polepole kama mtu aliyeshawaambia wengi na wengi hawakusikia. Aseme ukweli kwa kila anayemuuliza. Asimpe Melqui hata peso moja kwa sasa, wala asimwandikie ahadi wala kusaini karatasi ya mwanasheria, maana mtu akianza kulipa kienyeji hulipa mara mbili. Barua ile ailete kwao, kampuni iijibu. Na la mwisho, asikubali kwamba spika zote ishirini na nne zimekufa mpaka mtu azipime.

"Watu wakigongwa," alisema Bi Yocasta, "kila walichokuwa nacho kinakufa siku hiyo. Nimewahi kuletewa madai ya televisheni iliyokuwa nyumba nyingine. Zikapimwe moja moja, na fundi ambaye nyote wawili mnamkubali. Kila spika itakayolia ni pesa inayotoka mgongoni kwako."

"Na zikishapimwa, bado ikizidi laki tano?"

"Basi hapo mtakaa chini mzungumze, wewe na yeye. Ila sisi hatutoi hundi yetu mpaka asaini kwamba hana dai lingine kwako, la leo wala la kesho. Anazihitaji hizo laki tano, Mwalimu. Usilisahau hilo mtakapokaa."

* * *

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye duka la mtaani, ambako wacheza dhumna walikuwa mezani kwao tangu saa tisa. Wakampisha kiti. Mmoja akaagiza bia.

"Sitaki bia," alisema Ovidio. "Nataka mninyamazie. Sikufanya makusudi."

"Bila shaka," alisema aliyeagiza bia, akakonyeza jicho.

"Usinikonyeze. Nasema kweli. Ilikuwa ajali."

"Ajali nzuri sana."

"Nilifumba macho, mwenye akili wewe. Mwalimu mzima, nimefumba macho mlimani kama mjinga. Mnaona ni jambo la kujisifia? Mnavyozidi kunisifu ndivyo bima inavyonikimbia, na nyumba yangu inaondoka. Nereida atakuja kulala kwenu, na cherehani zake tatu."

Walimjua Nereida. Wakatazamana, na yule mwenye sauti ya kwenye simu, muuza gesi mmoja mnene, akavua kofia yake akaipapasa ukingo. "Mwalimu, tulikuwa tunakuheshimu. Sasa unatuambia wewe ni mzembe tu?"

"Ndivyo ninavyowaambia."

"Basi nitalirekebisha," alisema muuza gesi kwa huzuni ya kweli, na jioni hiyohiyo ujumbe mwingine ukazunguka Jarabacoa yote mpaka Puerto Plata, ukitangaza kwamba shujaa wao si shujaa, amesinzia.

Haukuwa ukweli kamili, lakini Ovidio aliuacha ulivyo.

Kilichomshinda ni kwenda kwa Melqui. Alipita mbele ya duka la kunyolea mara mbili, mara ya tatu akaingia, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nywele zake zilikuwa zinahitaji kweli. Melqui alisita, mkasi mkononi, kisha akamfunga shuka shingoni. Akaanza na nywele za kisogoni.

"Majirani walipiga makofi," alisema Melqui mwishowe. "Nilisikia."

"Nami nilisikia."

"Nimewanyoa wote wale. Baba yake huyo wa gesi nilimnyoa bure mpaka alipokufa, kitandani kwake. Wakapiga makofi." Akakigeuza kiti ili Ovidio amtazame usoni. "Ulifanya makusudi, Mwalimu?"

Ovidio akamweleza: Bi Crucita na miguu yake, klachi, injini, macho. Hakuficha kosa lake hata moja. Wala hakutaja kwamba muziki ndio uliomfanya asisikie, ingawa Nereida alikuwa amemwambia aanze na hilo.

Melqui alimsikiliza. Mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja. "Ulifumba macho? Wewe, uliyeninyima cheti mara tatu kwa sababu sikutazama kioo?"

"Mimi."

"Aisee." Akachukua wembe, akaunoa kwenye mkanda polepole kuliko ilivyohitajika. "Inua kidevu."

Ovidio akainua kidevu, na wembe ukiwa shingoni akasema alichotumwa na Bi Yocasta: spika zipimwe. Wembe ukasimama kidogo, ukaendelea. Melqui akataka fundi awe Mzee Práxedes wa Constanza, ambaye mwenyewe alikuwa amezifunga nusu ya zile spika. Ovidio hakuwa na sababu ya kukataa, na katika mkao ule hata angekuwa nayo asingeitoa.

* * *

Walipima Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa kuegesha magari kando ya uwanja wa besiboli, mbali na vioo vya watu. Bi Yocasta alipanda kutoka La Vega na daftari lake. Haikuwa siri, kwa hiyo saa tatu mtaa mzima ulikuwa pale, na viti vyao vya kukunja. Mzee Práxedes alipanga spika chini kwenye turubai, ishirini na nne, zingine zimepasuka utando, zingine zimekunjika kama sahani ya bati. Akaleta waya mmoja na wimbo mmoja, na kila spika ikapewa nusu dakika yake.

Ovidio alikuwa mtu wa utulivu. Nyumbani hata redio aliiweka chini kiasi kwamba Nereida alimwuliza kama anaisikiliza au anaiotea. Kati ya watu wote wa mtaa ule, pengine ni Bi Crucita pekee aliyezichukia zile spika kuliko yeye. Sasa alisimama mbele ya turubai, mikono nyuma, akiziombea zote zilie.

Ya kwanza ilitoa mkwaruzo ikafa. Watu wakapumua kwa furaha. "Imekufa," alisema Mzee Práxedes, na Bi Yocasta akaandika.

Ya pili, imekufa. Ya tatu ilitetemeka, ikakohoa vumbi, kisha ikanguruma mpaka viti vikasogea. Watu wakaguna. Ovidio akakunja ngumi kwa siri mfukoni.

"Hai," alisema Mzee Práxedes.

Ya nne hai. Ya tano hai. Bi Crucita, kwenye kiti chake cha mbele, akaziba masikio kwa vidole. Ya sita ikafa na watu wakapiga mluzi. Ilipofika ya kumi na moja, besi kubwa kuliko zote, iliyokuwa katikati kabisa ya ukuta na ambayo peke yake ilidaiwa elfu tisini, hakuna aliyedhani iko hai. Ilikuwa na alama ya bamba la gari usoni. Mzee Práxedes akaunganisha waya. Kimya. Akaugeuza waya. Kimya. Melqui akapiga magoti kando yake, akaiwekea kiganja kwenye utando kama mtu anayepima homa, akabonyeza kidogo pale palipobonyea.

Ikalia. Ilipiga noti moja nzito, kunguru wote wakaondoka kwenye taa za uwanja.

"Hai!" alisema Ovidio, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, na bila kufikiri akamshika Melqui begani. Melqui naye alikuwa anacheka, machozi machoni. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba ni mdai na mdaiwa, wakaachiana.

Zilizolia zilikuwa kumi na mbili. Za kufa kumi na mbili. Amplifaya zilikufa mbili tu. Bi Yocasta akatoa na umri wa kila kitu, kwa sababu spika ya miaka nane hailipwi kama iliyotoka dukani, na habari ya "kazi ya sanaa" akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Alipomaliza alimwonyesha Ovidio tarakimu ya chini: laki sita na thelathini.

"Laki tano zetu," alisema. "Zinazobaki zenu wawili. Nendeni mkazungumze."

* * *

Kabla hawajazungumza, muuza gesi alimfuata Ovidio njiani. Mtaa ulikuwa umechanga. Walikuwa tayari kutoa zote, laki moja na thelathini, mkononi, kwa sharti dogo tu: Melqui asaini kwamba hatafunga tena spika garini.

Nereida alipoambiwa alisema, "Chukua." Alisema hivyo mara mbili. Nyumba ilikuwa yake pia.

Ovidio aliziwaza zile pesa usiku kucha. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba hazitaki. "Nikizichukua, basi ni kweli nililipwa kumvunjia mtu vitu vyake. Bi Yocasta atasema hivyo, na Melqui atasema hivyo, na mimi nitasema hivyo kila nikinyoa ndevu."

"Na laki moja na thelathini utazitoa wapi? Kwenye mabakuli?"

Jibu lilikuja lenyewe saa tano, limevaa gauni la kanisani. Bi Crucita aliketi sebuleni, mkoba magotini, akakataa kahawa.

"Ovidio, nina jambo. Siku ile niliona kwenye kioo tunarudi nyuma. Niliona kabisa. Na mguu wangu ulikuwa juu ya ile breki yako."

Nereida akaacha kushona.

"Ukakanyaga?" aliuliza Ovidio.

"Sikukanyaga. Tangu siku ile najiuliza kama niliganda kwa woga, au." Hakuimaliza. "Nimeungama. Padri kasema haijui hiyo breki, niende kwa mwenye gari."

Ovidio alimtazama mwanamke yule, barua zake kumi na nne, miguu yake isiyosikilizana. Alifikiri pia juu ya Bi Yocasta na daftari lake. "Bi Crucita, mguu wako haujawahi kukanyaga breki kwa wakati hata siku moja tangu nikufahamu. Siku ile ulifanya kama siku zote. Mwanafunzi hadaiwi breki. Anayedaiwa ni mwalimu. Na Bi Yocasta akikuuliza, mwambie kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno."

"Nimeshampigia simu," alisema Bi Crucita. "Kasema woga haujakatazwa na mkataba." Akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Hizi ni elfu sitini. Nilitaka kulitengeneza lile gari la marehemu, lakini kuku wamelizoea. Usinikatalie, Ovidio. Hizi hazina sharti. Siandiki tena barua, nataka nilale."

Hakumkatalia.

Walikaa na Melqui mezani kwa Nereida, juu ya vipande vya kitambaa, na kwa sababu kila mtu alikuwa amechoka haikuchukua muda. Elfu sitini za Bi Crucita. Elfu thelathini za Ovidio, azilipe kwa miezi mitatu. Elfu arobaini zilizobaki Melqui hakuzitaka kwa pesa. Alikuwa amewaza tangu siku ile ya uwanjani, alisema. Kwa mara ya kwanza alizisikia spika zake zikilia mahali penye nafasi, bila ukuta wa mtu mbele, na zilikuwa nzuri kuliko alivyojua. Alitaka zilizobaki azifunge kwenye trela, awe anakodishwa nje ya mji: harusi, kampeni, sikukuu za watakatifu. Lakini trela hakulijua. Alikuwa amejaribu la binamu yake, likajikunja likagonga mlango wa gari.

"Unifundishe kurudi nyuma na trela, Mwalimu. Unifundishe mpaka nipate cheti. Na safari hii usininyime."

"Ukitazama kioo sitakunyima."

"Wewe uniambie mimi habari ya kutazama," alisema Melqui, akavuta karatasi ya Bi Yocasta, akaisoma yote, mpaka ukurasa wa nyuma, kisha akasaini kwamba hana dai lingine kwa Ovidio Batista, la siku ile wala la siku zijazo. Nereida akaikagua saini, akatoa nakala tatu, moja akaitia kwenye kabati la nguo.

Wiki ya Pasaka ilipopita walianza mafunzo, kwenye uwanja uleule wa besiboli, na trela tupu la kuazima. Ovidio alisimama nje kwenye jua kali, akimwelekeza kwa mikono. Trela lilikwenda kushoto lilipotakiwa kwenda kulia, likasimama, likajaribu tena. Bi Crucita, aliyekuwa na somo lake saa inayofuata, alikaa kivulini na mwavuli wake akitoa maoni ambayo hakuna aliyemuomba.

"Kata kulia, Melqui. Kulia. Hiyo ni kushoto."

"Bibi, wewe mwenyewe hujui kuliondoa gari mlimani."

"Kuondoa sijui. Kulia nakujua."

Ovidio akainua mkono, akawanyamazisha wote wawili, akamwashiria Melqui arudi mwanzo, polepole, vioo vyote viwili.